Machungwa ya Nekesa

Kitale, Jumamosi, Julai 2006

Ati Nekesa, yule wa kidato cha kwanza! Mimi nilikariri kurasa kumi na mbili, nikavaa wigi la katani linalowasha, nikawa mwigizaji mashuhuri wa London karne ya kumi na nane katika mchezo wetu wa shule. Yeye alipewa sentensi moja, ya muuza machungwa, kwa sababu mwalimu wetu wa drama anasema Waingereza wa enzi hizo walikula machungwa ukumbini mchezo ukiendelea.

Nilipofika pale pa kufa kwa sumu, Nekesa alishuka jukwaani na kikapu, akaingia katikati ya watu, akanadi kama mamake sokoni Chwele: "Onja kwanza, mama! Kama si tamu, usinunue, bana!"

Ukumbi mzima ulinigeuzia mgongo. Nilikufa peke yangu.

Baadaye akaniambia, "Dada, nimekuwekea moja."

Nimelila sasa hivi. Tamu ajabu. Ningekuwa nimeketi kule chini, hata mimi ningegeuka.