Fulana ya Sukuma Kwanza

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na dawa unazimeza, si kuzitazama tu. Mimi mzima, ila kutulia siwezi. Nimeshainuka mara tatu tangu nianze barua hii.

Kifurushi hiki kina fulana. Hapa kiwandani tunapochapa fulana, bosi alitaka kila mmoja achore kitu cha kwao. Nimemchora Kobe, gari letu lililoishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na ule mlango wa kijani wa kuazima kwenye gari jingine. Nyuma yake tunasukuma ili liwake: marehemu mama, kaka na mimi. Juu nimeandika SUKUMA KWANZA.

Bosi amecheka mpaka machozi, anataka kuchapa mia mbili. Lakini gari lilikuwa lako. Bila neno lako sichapi. Nijibu upesi, tafadhali.

Binti yako

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujambo kweli? Kaka anasema ulifungua kifurushi, ukatoka nje, ukawa unazunguka nyumba mpaka chakula kikapoa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na huo mshindo naungoja roho juu. Leo nimeharibu fulana nane kwa mawazo. Nigombeze basi, nijue moja.

Binti yako

8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinanipa nafasi ya kulala.

Kwanza nakuambia kama fundi cherehani: mshono wa bega umepinda. Pili, mchoro. Nyinyi mko kwenye matope mpaka magotini, mimi nimeketi ndani na kofia yangu kama bwana harusi. Hiyo ndiyo picha yangu uliyobaki nayo? Lazima mtu mmoja ashike usukani! Mama yenu hakujua kuendesha.

Baba yako

17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, sikukuchora kwa kejeli. Nilikupenda hata ukiwa umeketi humo ndani ukipiga kelele, "Bado kidogo!" Ila kuna swali limenikaa kooni miaka yote. Mbona hukumfundisha mama?

Binti yako

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii nimeichana mara nne.

Aliniomba, mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikamwambia ataniunguzia klachi. Hakuomba tena, akasukuma miaka kumi na mmoja mingine. Majuto ni mjukuu, na wangu amehamia kabisa. Naivaa fulana yako, nazunguka nayo nyumba, kiti hakinikubali. Wa kumwomba radhi hayupo.

Chapa zote. Usinitoe kwenye usukani, acha nionekane.

Baba yako

26 Mei

Baba,

Shikamoo. Tafadhali keti ndipo usome.

Mimi naendesha. Nilijifunza kimyakimya mwaka ule nilioondoka, nikihofia utacheka. Mama alipokuja kunitembelea, niliazima gari la bosi nikamfundisha kwenye uwanja nyuma ya kiwanda. Siku ya nne aliendesha mpaka sokoni na kurudi, akiwapigia honi hata watu waliokaa vibarazani mwao.

Nikamwambia tukuandikie. Akakataa katakata.

"Mwache baba yenu," alisema. "Yule haimbi popote ila akiwa kwenye usukani. Nikimtoa pale, nitamsikia wapi?"

Binti yako