Nyumba Isiyotaka Kwisha

Mwanangu kifungua mimba,

Hujambo? Kile kifua kimekuachia? Mimi ni mzima, ila magoti hunisema kila nikiinuka. Mwanao, mke mwenzangu, anakula vizuri na mdomo wake hauna likizo. Mkono unaoandika ni wa jirani yetu, fundi cherehani. Maneno ni yangu, na nimemwonya asiyapige pasi.

Shuleni kwao kuna wiki ya kujenga. Si kwa saruji, ni kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea, vile vya kushikamana. Kila mtoto anajenga nyumba yao, na Jumamosi ni maonyesho. Mwalimu aliomba wazee wa kusaidia, nikajitolea. Nachambua vitofali kwa rangi kwenye mabeseni na kulinda chumba. Utotoni shule sikuikanyaga. Leo naingia na fimbo yangu na wananiamkia.

Basi, kila nikitoka kunywa chai saa ya mapumziko, nikirudi nakuta nyumba ya mwanao imepungua. Mara ukuta, mara paa. Za wenzake zimesimama, yake tu ndiyo inayoliwa. Nikasema hapa pana mkono wa mtu.

Nilimshuku huyu huyu anayeniandikia, naye ni msaidizi mwenzangu pale, maana nyumba ya mwanawe ilipanda kama imetiwa mbolea. Nikampokonya mkoba mbele za watu, nikaumwaga mezani: nyuzi, kitana na ganda la ndizi. Akaniambia nikimaliza upekuzi nimshonee na zipu niliyoing'oa. (Ameacha kuandika, anacheka. Endelea, wewe!) Nikamtaka radhi, nikahamia kwa mwalimu. Anatabasamu mno yule, na mtu wa meno mengi hivyo ana lake jambo.

Jana chai niliiacha ipoe. Nikajibanza nyuma ya kabati. Mlango ukasukumwa taratibu, akaingia mwanao mwenyewe. Akabandua paa lake, akavirudisha vitofali kwenye mabeseni, kila rangi mahali pake.

Nilimuuliza ana wazimu gani. Hakulia. Alisema mwenye nyumba iliyokamilika atasimama kando yake na mzazi wake, waieleze pamoja. Isiyokamilika inawekwa chini ya meza, haiulizwi. Nikasema nitasimama mimi. Akajibu mimi ni mlinzi, kila mtu anajua si mama yake. Kumbe siku ya zawadi shuleni, uliposema unakuja na hukuja, alikuwekea kiti, na wenzake wakakikalia kwa zamu wakijiita mama yake. Sasa heri nyumba isiishe.

Mwanangu, nami nisivyojua kunyamaza, nikamdanganya. Nilimwambia umeleta habari, ruhusa umepata kazini, Jumamosi utakuwepo. Nimetoa neno kinywani mwako bila kukuuliza. Alinitazama kwa jicho la kunipima, akataka niape. Nikaapa.

Leo ameezeka paa lote. Dirisha moja tu ameliacha wazi; anasema atalijaza akikuona mlangoni, si kabla.

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi. Bosi wako mwambie mama yako yu mahututi. Ukikosa kuja haitakuwa uongo. Ugomvi wako na mimi uje nao, tutaugomba hapa hapa. Jirani anakusalimu, na mtoto amelala, kwa hiyo salamu zake nimemsemea pia.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama yako