Walii wa Raya

Vigwaza, 4 Januari 2025

Mama, shikamoo.
Hali yako? Presha imetulia? Mimi na wanafunzi wangu wa madrasa tu wazima, alhamdulillahi. Naandika kwa sababu kwenye simu tutagombana.
Baba hayupo, kwa hiyo walii wa kumwozesha mdogo wangu Raya ni mimi. Lakini siingii nyumba yenye matari ya marehemu Baba. Utasema dufu harusini lina ruhusa. Yale yana njuga, Mama, na ala za muziki ni haramu. Yachome.
Mwanao,
Twalha

Bagamoyo, 15 Januari

Mwanangu, marahaba.
Sisi wazima, ila moyo hautulii. Sheikh Mtoro anasema maulamaa wamekhitalifiana, na wewe umeshika upande mmoja kama mtu aliyenunua kiatu kimoja. Hata hivyo nimeyachoma, maana nakutaka wewe. Nimelia sana.
Sasa sikiliza. Baba yako hakupiga tari kabla ya kulipasha ngozi motoni, ndipo lilie vizuri. Mimi, kwa ujinga wangu, nimeyatia yote motoni! Tangu siku ile, kila baada ya alasiri yanalia uani, penye majivu. Jirani Ashatu kaja kuuliza nani anafanya mazoezi. Njoo utusomee.
Mamako

Vigwaza, 22 Januari

Mama, shikamoo. Natumai mnaendelea vyema.
Huyo ni shetani, na mmemkaribisha wenyewe miaka yote. Siji mpaka kunyamaze. Ahirisheni harusi.
Twalha

Bagamoyo, 3 Februari

Mwanangu kipenzi, umefika salama? Afya je?
Mbona uliondoka harusini bila kula hata pilau? Nimefurahi mpaka presha nimeisahau. Nilijua hutamtupa mdogo wako. Ulivyoingia na kanzu kama ya baba yako, watu wakanyanyuka. Mkwe wetu Abdulnasir anasema ulipomshika mkono kumwozesha, kiganja chako kilikuwa cha moto. Nikamwambia ni homa ya safari.
Uani sasa kimya. Bwana na bibi harusi wameshakwenda Saadani.
Mamako

Vigwaza, 9 Februari

Mama, shikamoo.
Sikuja. Siku ya harusi nilikuwa hapa nasomesha, waulize wanafunzi. Nimefungua vitabu vyangu vyote, na hukumu ya ndoa iliyofungwa na walii asiyejulikana ni nani sijaiona popote. Simu ya Raya haipatikani, ya Abdulnasir pia.
Naogopa, Mama. Laiti ningekuja uliponiita. Barua hii anakuletea mwanafunzi wangu Najim. Mimi napita moja kwa moja Saadani kumchukua mdogo wangu.
Mwanao,
Twalha