Mwalimu Artatrana Biswal: Kopo Lako Bado Liko kwenye Rafu

Mwaka umetimia, Baba, tangu ushuke ngazi za baraza letu hapa Kendupali kwenda kurudisha fomu zako za kugombea, na hadi leo hakuna hata mmoja wetu aliyezoea. Mama bado anapika wali wa watu wengi. Mdogo wangu Prabir akisikia gari linapunguza mwendo langoni, husimama. Mimi Sanjukta, mwanao wa kwanza, nimeanza kuandika tangazo hili la gazeti mara nne na mara zote nne nimechana karatasi.

Uliondoka saa nne asubuhi. Saa saba mchana tukaambiwa hupo. Mtu aliyetoka amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, anapiga mluzi, anamtania mkewe, baada ya saa tatu anaitwa marehemu. Mimi neno hilo bado silitumii.

Ulifundisha hesabu miaka kumi na miwili kabla siasa haijakubeba, na hata ulipoingia mara tano katika Bunge la jimbo letu la Odisha, watu waliendelea kukuita Mwalimu. Uwaziri wa umwagiliaji uliupata kwa miezi kumi na moja tu. Walikuvua kwa sababu ulisimama bungeni ukasema mfereji uliozinduliwa kwa ngoma wiki ile hauna maji, na waziri wa mfereji huo ni wewe. Ulirudi nyumbani na sanduku moja, ukaomba pakhala yako, wali baridi wa maji, na mchicha wa kukaanga. Ukala bakuli mbili, ukalala usingizi mzito, huku sisi tumekaa macho tukikuonea huruma.

Kila asubuhi baraza lilijaa watu na shida zao, nawe ulikuwa unaziandika kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, maana karatasi zote ulizipoteza. Mkono huo haukuguswa na maji mpaka katibu wako anakili yote. Ulikula kwa wa kulia, wa kushoto umeuinua juu kama mtu anayeapa. Wajukuu walikuiga mezani na Mama akawachapa kwa mwiko.

Siku ile kiganjani mwako kulikuwa na shida nne. Prabir alizinakili pale pale hospitali kabla hujaoshwa. Tatu zimekwisha, Baba. Ya nne ni kisima cha shule ya wasichana, na tunaendelea kuwasumbua.

Halafu kuna zile kura sitini na moja. Wanaotusoma leo na walioishi Kendupali wanazijua, kwa sababu ulimsimulia kila mtu aliyekunywa chai kwetu. Katika uchaguzi wako wa kwanza kabisa, ulikuwa umeshafika langoni, mashada shingoni, vijana wanapiga ngoma, na Mama akatokeza mlangoni akaita, "Baba Sanju, miwani yako!" Shangazi Sebati alishika mdomo. Mtu aliyetoka kwa jambo kubwa haitwi mgongoni. Ukarudi, ukakaa, ukanywa maji, ukatoka upya, kama inavyotakiwa kuondoa nuksi. Na bado ukashindwa, kwa kura sitini na moja.

Tangu hapo ulimtania Mama miaka thelathini na minne. Mboga ikizidi chumvi, ulisema si kitu, mbona sitini na moja alizila bila chumvi. Akikukataza sigara, ulimuuliza yeye ni chama gani. Mwaka ule ulipobwagwa kwa kura elfu tisa hukumlaumu mtu, ulisema hizo ni hesabu, wananchi wamekuchoka, lakini sitini na moja zina mwenyewe. Mama alicheka nasi. Hatukujua kwamba alikuwa anacheka huku akiyaweka moyoni.

Asubuhi ya mwisho Mama alikulisha kijiko cha mtindi na sukari cha kukutakia heri, ukainama mbele ya rafu ya miungu. Ili ukutanishe viganja vyote viwili, uliliweka chini lile kopo dogo la vidonge vya moyo, vile vya kuweka chini ya ulimi, ambavyo daktari alikuapisha usitembee bila kuwa navyo. Ukaomba, ukageuka, ukatoka. Kopo likabaki pale karibu na ubani.

Mama aliliona. Mimi pia niliona, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka bangili yangu moja ikavunjika.

"Usimwite," aliniambia. "Safari hii kura hazitapotea kwa sababu yangu."

Nilisema basi tumpigie Nidhi simu, yeye ndiye anayeendesha. Akasema simu nayo ni kuita. Badala yake alimpa Prabir kopo na pikipiki, akamwagiza apite njia ya mfereji, akutangulie, akupe akiwa mbele yako. Alisisitiza mara mbili: mbele, si nyuma. Mtu mwingine akisoma haya atatuona wajinga. Tulikuwa wajinga, lakini tulikuwa wajinga kwa ajili yako.

Njia ya mfereji ilikuwa imezibwa na maandamano ya mpinzani wako. Prabir alipofika kwa msimamizi wa uchaguzi, ulikuwa umeshakabidhi fomu, umeshatoka nje kwenye jua la digrii arobaini na nne, umeshapanda juu ya gari kupungia watu mkono. Watu wanasema ulikaa chini polepole, wakadhani unafunga viatu. Prabir alipita katikati ya watu ameinua kopo juu, akiomba njia. Alichelewa dakika kumi na moja. Kazi yake ya duka ameiendeleza, watoto anawalea, lakini pikipiki hajaipanda tena.

Siku ya nne, majivu yako hata hayajapelekwa mtoni, wakubwa wa chama walikaa barazani na kumwomba Mama asimame badala yako. Walisema machozi ya watu yakiwa bado mabichi, kiti hakiendi popote. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia watafute mwingine, yeye nuksi yake inajulikana. Kiti kilikwenda kwa yule kijana uliyekuwa unamwita Kipaza Sauti. Si mbaya sana. Huandika kwenye simu.

Mwaka mzima Mama hakulia mbele yetu. Alilitoa kopo mikononi mwa Prabir, akalirudisha pale pale kwenye rafu, na kila asubuhi akifuta vumbi anafuta kulizunguka. Nilimwambia si kosa lake. Alinijibu kwamba yeye ndiye mwenye macho aliyeona.

Juzi, kwenye ibada yako ya mwaka, watu wakiwa wamekula na kutawanyika, Nidhi dereva wako alibaki barazani. Mwaka mzima alikuwa haji kwetu, nasi tulidhani ni huzuni. Alikaa sakafuni mbele ya Mama, akashindwa kumtazama.

"Mama, tulipofika darajani Mwalimu alijigusa mfuko," alisema. "Akasema kopo ameliacha. Nikapunguza mwendo, nikamwambia tugeuze, ni dakika tano. Akakataa."

Mama alimuuliza ulisema nini. Nidhi alianza kulia kabla hajajibu.

"Alisema, 'Ameliona, yule. Hakosi kuona kitu. Na hakuniita. Twende, Nidhi, leo Mama Sanju amenilipa zote sitini na moja.' Alifurahi, Mama. Alicheka mpaka tukafika mjini. Na mimi nikakanyaga mafuta."

Kumbe, Baba. Ulijua. Ulijua umeliacha, ulijua ameliona, na ukaona raha. Uliendelea na safari kwa ajili ya utani wako mwenyewe.

Nitasema lililo moyoni, kwa sababu ulitulea tuseme. Nimekukasirikia. Mwalimu wa hesabu mzima, uliyewashinda mawaziri kwa takwimu, uligeuza mzaha kuwa sheria, ukamfunga nayo mke wako, halafu ukajifunga na wewe. Ungerudi. Ungekaa, ungekunywa maji, ungetoka upya. Kura sitini na moja, hata mia sita, tungekuwa tumeshazisahau, na leo ungekuwa hapo barazani umeinua mkono wako wa kushoto, unamlaumu Mama.

Nimekasirika na ninakupenda, na sijui nikutane na wewe wapi nikwambie yote mawili.

Mama alimpa Nidhi chakula, akamwambia kesho aje kazini, gari linaota kutu. Kisha aliingia ndani kwenye rafu na tukamsikia, kwa mara ya kwanza tangu uondoke, akilia kwa sauti. Prabir alitaka kumfuata. Nilimzuia.

Alipotoka aliniambia tangazo liandikwe leo hii na nisichane tena. Alisema pia kwamba ana maneno yake, na kwamba gazeti si mlango, halimwiti mtu mgongoni, kwa hiyo nisimzuie.

Tunaokukumbuka kila siku ya Mungu ni mwanao Prabir na mkewe Lopamudra; wajukuu wako Tikun na Jhili; dada yako Sebati; Nidhi; watu wote wa barazani; na mimi Sanju wako. Kukusahau hatutaweza, hata tukijaribu.

Na haya ni ya mkeo Kuntala, nimeyaandika kama alivyoyatamka, amesimama mlangoni ameelekea langoni:

"Baba Sanju, dawa zako umeziacha. Rudi. Kaa kwanza, unywe maji, ndipo uende."