Gramu Sitini za Wali

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usinionee huruma kabla hujafika mwisho wa barua hii. Mimi ni mwalimu wa kemia, nina miaka ishirini na saba, naishi na wazazi wangu, na kwa miezi saba nimekuwa nikimnyima baba yangu chakula bila yeye kujua, bila mama kujua, na hadi Jumamosi iliyopita bila mimi mwenyewe kujua.

Baba ni fundi cherehani. Alipogundulika ana kisukari, muuguzi wa kliniki alitupa karatasi yenye vipimo vya kila mlo, akatushauri tununue mzani mdogo wa jikoni, na alipotaka kutueleza karatasi ile mstari kwa mstari nilimkatiza, nikamwambia, "Usijali, dada, kupima ndiyo kazi yangu," naye akanitazama kidogo, kisha akaita mgonjwa mwingine. Nyumbani niliibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, na kwa kuwa iliuzidi mlango kwa vidole viwili, nikaikunja kwa chini. Mchele gramu sitini, maharage gramu arobaini. Kila mlo nikawa naweka sahani juu ya mzani, narudisha namba kwenye sifuri, nachota wali ulioiva, na ukizidi gramu mbili naurudisha sufuriani mbele ya macho yake.

Lazima nikiri kwamba niliupenda ule mzani. Kwetu kila kitu ni makadirio, mama anapika kwa kiganja, baba anakata suti kwa jicho, na nguo zangu zote za utotoni zilikuwa na upindo wa vidole vinne kwa sababu, alisema, mtoto hakui kwa rula, nami nilikua nikitamani kitu kimoja tu kisichobembelezeka. Baba aliuita mzani "Mheshimiwa". Akikaa mezani anauliza, "Mheshimiwa ameamuaje leo?" nasi tunacheka. Wiki za mwanzo alikuwa akisema, "Mwalimu, nina njaa," namjibu, "Ni njaa ya mazoea, baba, itapita," naye akaacha kusema, nikadhani imepita. Nilikuwa nikimwona akiokota punje za wali mezani moja moja kwa ncha ya kidole, na nikaona fahari. Siku moja nilimfumania mama akimwongezea kijiko, nikaja juu. Mama akasema, "Huyu ni mume wangu, si panya wa maabara yako." Nikamjibu, "Sawa, siku akipofuka utamshika mkono wewe." Aliweka mwiko chini, akatoka uani, na tangu siku hiyo hajaigusa sahani ya baba.

Amepungua kilo kumi na moja. Suruali zake amezibana kiuno mara tatu, na mara ya tatu alicheka, "Nikiendelea kujibana hivi nitabaki na mifuko tu." Wiki tatu zilizopita aliangukia cherehani, sukari imeshuka. Daktari akampunguzia vidonge, akaniuliza kama baba anakula inavyotakiwa, nikajibu kifua mbele, "Gramu kwa gramu, daktari." Basi, akasema, kukonda huku kuna jambo lingine, akaandika vipimo vya kutafuta uvimbe tumboni. Ni mwisho wa mwezi huu.

Jumamosi mwalimu mwenzangu, ambaye mama yake ana maradhi hayo hayo, aliniomba nakala ya karatasi. Nikaibandua, nikaikunjua, na pale chini, ndani ya mkunjo wangu, pameandikwa: uzito wote ni wa chakula kikavu, kabla ya kupikwa. Mshauri, gramu sitini za mchele zikiiva zinakaribia mia na themanini. Nimekuwa nikimpa theluthi, mimi ninayewakata wanafunzi alama na kuwaandikia kwa wino mwekundu, "Sitini za nini?"

Tangu hapo kila siku namwongezea gramu ishirini, nimeukinga mzani kwa mgongo ili mama asione namba, nikitumaini nitafika kwenye kipimo sahihi kimyakimya, baba atanenepa na hakuna atakayehitaji kujua. Lakini jana nilimsikia akimwambia mteja wake wa miaka mingi, "Kitambaa hiki mpelekee fundi mwingine, dada. Mimi namalizia tu nilizonazo, sitaki kuacha nguo za watu nusu." Anaamini anakufa, na kumbe huenda ana njaa tu. Nikisema, atanitazamaje tena? Nikinyamaza, nitajitazamaje mimi?

Binti wa Fundi

*

Binti wa Fundi,

Barua yako haikustahili kungoja gazeti. Namba ya simu uliyoandika chini ya barua nimeipiga mara tatu, hukupokea, nikatuma ujumbe wa maneno manne: "Sema leo, usingoje kesho." Kama uliuona ukaupita, haya, sasa unausoma mbele za watu.

Kukosea kusoma karatasi si dhambi. Wapo wengi watakaosoma hapa kisha waende kukunjua karatasi zao. Kosa lako ni kumkatiza dada wa watu aliyetaka kukueleza, na usomi usiouliza ni mzigo tu, mwanangu. Hata hilo lingesameheka. Hizi gramu ishirini za kuibia ndizo zinazonitisha. Daktari amepunguza vidonge kwa kuamini chakula ulichomwambia, wewe huku unabadilisha chakula kwa siri. Vidonge vinakwenda huku, sahani inakwenda kule, na katikati yuko mzee wa watu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unaficha maradhi ambayo hata si yako.

Najua unampenda. Asiyempenda baba yake hasimami jikoni miezi saba akihesabu punje. Lakini ulimwambia njaa yake ni ya mazoea, yeye mwenye tumbo akakuamini wewe mwenye mzani. Kwa hiyo usiniulize atakutazamaje. Amekutii mpaka suruali zimemvuka, unadhani ataacha kukupenda kwa sababu umemwambia ukweli?

Ukimaliza kusoma, piga simu kliniki. Usisubiri mwisho wa mwezi. Taja kila kitu: gramu ulizokuwa ukimpa, miezi mingapi, ulizoongeza tangu Jumamosi. Uliza ale kiasi gani leo hii, na ufuate watakachosema hata kama kitauumiza moyo wako wa haraka. Mimi si daktari, wala wewe si daktari. Vipimo vya tumbo wataamua wao kama vinahitajika, na usimwahidi baba kwamba ni njaa tu mpaka wao waseme.

Kisha mwombe mama radhi, peke yake, kabla hujamfikia baba. Yeye aliona kwa macho kile ambacho mzani haukukwambia, ukamfukuza na mwiko wake. Mrudishie sahani ya mumewe. Mzani usiutupe, haukukosa lolote. Mpe yeye apime mchele mkavu, wewe ukae mbali.

Kwa baba nenda na karatasi yenyewe, iliyokunjuliwa. Usianze na kilio, atakubembeleza na hutasema. Mwonyeshe mstari ule, mwambie, "Baba, uliposema una njaa, ulikuwa na njaa." Halafu nyamaza, umwache aseme atakalosema, hata likiwa kali.

Na ukienda, chukua kitambaa. Mwambie unataka gauni, la kwako, na huna haraka. Akikataa kukipokea, kiache juu ya cherehani. Mtu aliyekuachia vidole vinne vya upindo katika kila nguo alijua tangu zamani kwamba vipimo hukosewa, na kwamba nguo nzuri ni ile inayoweza kufumuliwa ikashonwa upya.