Ukwaju wa Muhazi

Jumatano, 13 Agosti

Gauni la bi harusi wa Kicukiro limerudi tena. Kiuno. Nimefumua, Espe kanisaidia kupiga pindo. Ndiye jirani yangu wa cherehani hapa sokoni Kimironko, kakulia Bujumbura, Kiswahili chake kinatiririka. Kasema Jumamosi wanakwenda kula kando ya Ziwa Muhazi, yeye na Jeanine na Claudine wanaouza vitenge. Nami niende. Nimekubali kabla hajamaliza.

Nipo Kigali tangu Januari na sijaingia nyumba ya mtu. Salamu tele, rafiki hakuna. Mama ananitaka Tanga. Nimeamua: Jumamosi ikinishinda, narudi kwetu.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Maria. Wenzangu kanisani, mimi jikoni. Nimeloweka ukwaju wa nyumbani, nikachuja, nikatia tangawizi. Pilau nitapika alfajiri. Naogopa kama naenda kuposwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimechoka lakini lazima niandike.

Ziwa limetulia, nyasi safi. Nikamimina ukwaju, nikawapa wote, nikakaa pembeni bila kikombe. Ndivyo nilivyolelewa, mwenye shughuli hunywa mwisho. Wakashika vikombe. Wakapiga soga. Jeanine akakiweka chake chini. Soda za chupa zikafunguliwa, zikaisha. Ukwaju wangu hakuna aliyeutia mdomoni.

Nilikasirika. Halafu aibu. Halafu nikataka kulia, nikateremka kunawa uso ziwani. Moyoni nilishafunga mabegi.

Espe akanifuata. "Dada, mbona wewe haunywi? Kwetu mwenye kuleta anaonja wa kwanza, ndiyo watu wanywe. Sisi tuko na kiu tangu saa ile!"

Kumbe tulikuwa tunaheshimiana, nusura tufe kwa kiu! Nikarudi, nikanywa kikombe kizima mbele yao. Wakapiga makofi. Dumu zima likaisha. Pilau nikaionja bila kuambiwa, na Claudine akakomba sufuria kwa vidole. Njiani tumeimba vibaya sana. Nina furaha, basi.

Jumapili, 17 Agosti

Espe kaja baada ya misa. Sikumwita. Kavua viatu, kauliza kuna nini cha kula, kala, kajinyoosha mkekani. Anakoroma.

Mama kapiga simu, anauliza narudi lini. Nimemwambia kwa sauti ya chini tuongee baadaye, nina mgeni. Kisha nikajirekebisha. Si mgeni, ni Espe.