Kasi Ileile, Upande Mwingine

Shiru, mpenzi wangu wa zamani,

Kabla hujaikunja barua hii, kumbuka unaandikiwa na mwendesha bodaboda ambaye hata upepo wa Waiyaki Way humwomba lifti. Nairobi nzima hajazaliwa wa kunipita. Shule yenyewe niliiacha kidato cha pili kwa sababu ilikuwa polepole mno.

Fizikia nilifunzwa na wewe, tena bure. Nilikuwa nakubeba kutoka Hurlingham hadi Muthangari ukafundishe watoto wa watu tuisheni. Siku moja tukifika langoni nikajigamba, "Umeona hiyo spidi, Mwalimu?"

"Spidi ni skala tu, bana. Ni kiasi. Ukitaka vekta, niambie pia unaelekea wapi." Ukachora mshale kwa kidole kwenye vumbi la tangi la pikipiki.

"Basi mimi ni vekta. Niko na kilo sabini na nimekuelekea wewe."

"Kilo ni skala, wewe! Uzito ndio vekta, na wako unavutwa chini na huo mdomo."

Ulicheka mpaka mlinzi akafungua lango kuona kuna nini. Mshale ule sikuufuta. Mvua ndiyo iliufuta.

Tangu hapo, kila nikikwambia kwa simu "niko njiani", kama kila mtu wa Nairobi asemavyo akiwa bado anatafuta soksi, uliuliza: "Njiani ukielekea wapi?"

Siku hizi hakuna anayeuliza. Abiria hunishika bega, hushuka, huenda zake. Nazunguka jiji mchana kutwa, jioni nasimama mlango uleule niliotokea asubuhi. Umbali mwingi, kuhama sufuri; hiyo pia ulinifunza. Bado nachemsha chai ya watu wawili, halafu nainywa yote.

Sasa ile Jumamosi. Kwenu Kinoo mama yako amepika, baba yako amevaa koti, mnanisubiri nije nijulikane nyumbani. Baadaye nilikwambia ni foleni. Hakukuwa na foleni, Shiru. Barabara ilikuwa tupu. Nilifika njiapanda ya Loresho, nikamwona baba yako akilini akiniuliza nimesoma mpaka wapi, nikageuza. Kasi haikupungua hata kidogo.

Simu ikalia, nikasimama kando. Nikasema niko njiani. Ukauliza, "Njiani ukielekea wapi?"

Nikajibu, "Kwenu."

Pikipiki ilikuwa imeangalia mjini.

Ni mimi, aliyekuwa wako,
yule wa kukubeba Muthangari